Salamu za shukrani kutoka kwa familia: asanteni kwa kumsitiri baba yetu

Assalaamu alaykum ndugu, jamaa, majirani na marafiki.

Tanga tumeanua na wageni wa mbali wamesharudi makwao. Sisi watoto wa marehemu, pamoja na mama yetu, tunawashukuru kwa dhati wote mliotushika mkono tangu siku baba alipolazwa hadi tulipomsitiri makaburi ya Kinondoni. Kuwataja mmoja mmoja hatuwezi. Mwenyezi Mungu anawajua, na Yeye ndiye atakayewalipa.

Majirani wa Magomeni, mlifika kabla hata sisi wenyewe hatujajua pa kuanzia. Kulipopambazuka turubai lilishafungwa, viti vimepangwa na kina mama wamekwisha injika masufuria. Madaktari na wauguzi mliomhangaikia miezi yote ya kiharusi, masheikh wetu, vijana mliochimba kaburi, nanyi mliotuma rambirambi kwa simu kutoka mikoani, ahsanteni sana.

Kwa wasanii tuna neno refu kidogo.

Watu wengi walimjua baba kama yule mzee wa kwenye televisheni mwenye suruali iliyofungwa kwa kamba ya katani. Alianzia kwenye vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980, enzi ambazo kichekesho kilichomekwa katikati ya ngoma, sarakasi na taarab, na mchekeshaji alikuwa na dakika chache tu za kuuteka ukumbi. Televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994 alikuwa mtu mzima mwenye familia, ikambidi ajifunze upya. Jukwaani watu wanakujibu hapohapo. Studio kila mtu ameambiwa anyamaze, na kamera haicheki. Basi akawa anatusomea sebuleni. Mama asipocheka, mstari unakatwa. Na mama hacheki ovyo, mnaomjua mnajua.

Tumekuta kauntabuku 17 chini ya kitanda chake. Igizo la mwenye nyumba na mpangaji ameliandika mara nne, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna neno moja linalojirudia: "ngoja". Ndipo mwigizaji alipotakiwa kunyamaza, mtazamaji aelewe kwanza, kisha ndiyo acheke. Watu walidhani baba anajisemea tu. Michezo ilikuwa ikirushwa bila jina lake kama mtunzi, analipwa ya uigizaji peke yake, na jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho ingawa alilisema kwa nadra sana. Alikuwa wa enzi za kina Mzee Small na King Majuto. Walipotangulia, mmoja mwaka 2014 na mwingine 2018, hakutaka televisheni iwashwe nyumbani siku hizo.

Kwa hiyo wewe msanii uliyesimama hapa nyumbani kabla jeneza halijatoka, ukawaambia watu kwamba maneno uliyokuwa ukiyasema kwenye michezo ile yaliandikwa na mzee huyu, Mungu akuweke. Mama alikuwa ndani, dirishani. Tangu usiku alikuwa ameinamia mkeka, na uliposema hivyo akanyanyua kichwa akauliza, "Nani huyo anayesema?" Tukamtajia jina lako. Usiku ule ndipo alipokubali kula, uji nusu kikombe.

Yeyote anayemdai marehemu, au aliyewekeana naye ahadi, tunaomba afike nyumbani tulimalize. Vilevile, mwenye kanda ya zamani yenye mchezo wa baba, hata aliyoirekodi mwenyewe kwa video ya nyumbani, tunaomba atuazime tunakili. Sisi tunazo 2 tu, na moja imeota ukungu.

Dua ya arobaini itasomwa hapahapa nyumbani. Karibuni nyote.

Watoto wa marehemu,
Magomeni, Dar es Salaam