Buluu ya bahari haitoki mbinguni

Mhariri,

Juzi mwanafunzi wangu aliniletea kitabu cha mazoezi chenye swali: kwa nini bahari ni ya buluu? Jibu lililochapishwa ni kwamba inaakisi mbingu. Kijana huyu baba yake ni mzamiaji hapa Malindi. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona baba anasema akijikata huko chini, damu yake haionekani nyekundu?"

Swali lake lina fizikia zaidi ya kile kitabu. Chini ya pima kadhaa za maji wekundu haupo tena, maji yameshaumeza. Na sisi wa Malindi tusingepaswa kudanganyika: Mto Sabaki ukishusha tope, bahari inakuwa ya kahawia hata siku ambayo mbingu haina wingu. Nakubali kosa hili ni la kale, kwani hata neno letu samawati lina asili ya neno la Kiarabu la mbingu.

Sababu yenyewe imo ndani ya maji. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja tu, na kwa wepesi wake hakiendi kama gololi bali hufuata sheria za kwantamu, yaani za vitu vidogo mno. Hakitulii kamwe. Hata maji yangepozwa hadi sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa, protoni ingeendelea kutetemeka dhidi ya oksijeni, na nishati ya mtetemo huo ni karibu mara nane ya ile ambayo joto la chumbani pekee lingeupa. Ndiyo maana hesabu zinazoichukulia protoni kama gololi hazipati sawasawa spektra ya maji, yaani mwanga gani humezwa na kwa kiasi gani, inayopimwa maabara.

Nishati ya mtetemo huo hupanda kwa vidato. Kidato kimoja huhitaji mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Lakini vidato havilingani, na kwa sababu hiyo mara chache molekuli huruka vinne kwa mkupuo. Mruko huo hula mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 700, na kinachobaki ni buluu. Katika glasi upungufu hauonekani. Nje ya mwamba, kwenye kina, unaonekana wazi.

Anayebisha atazame maji mazito. Yana deuteri, haidrojeni yenye kiini kizito mara mbili, aliyoigundua mwanakemia Mmarekani Harold Urey mwaka 1931. Kwa uzito huo mtetemo hupungua kasi, vidato vinakuwa vifupi, na mruko uleule unaangukia karibu nanomita 1,000, nje ya upeo wa macho. Maji hayo hayana buluu, ingawa mbingu juu yake ni hiihii.

Naomba wachapishaji walirekebishe jibu hilo kabla ya toleo lijalo. Kwa walimu wenzangu wa pwani: fungeni kitambaa chekundu kwenye mshipi wenye chubwi, mkishushe kutoka kwenye mashua siku maji yakiwa safi, na wanafunzi waseme wenyewe wanachokiona.

Mwalimu wa fizikia,
Malindi