Salamu za Krismasi kutoka kihambani

Shimboni ndugu zangu! Kaka zangu wa Dar es Salaam, dada yangu wa Dodoma, mashemeji, wapwa, na watoto wa baba mdogo mlioko Mwanza: shikamooni wakubwa. Wadogo, najua salamu yenu iko njiani, marahaba.

Huku Kibosho, kihambani kwetu, yaani shamba la migomba na kahawa ubavuni mwa Kilimanjaro, tu wazima. Mama anawasalimu. Goti linamsumbua asubuhi, ila jua likishatoka anazunguka shambani na panga lake kama kawaida, na kila jioni anahesabu kwa vidole nani ameshakata tiketi na nani bado anasema "tutaona". Mvua za vuli zimetutendea kiasi. Migomba imesimama, na alfajiri Mlima unajifunua wote, Kibo na Mawenzi, kabla mawingu ya saa tatu hayajaufunika. Nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, ninyi na nyumba zenu. Hiyo ndiyo salamu yenyewe. Yanayofuata ni maneno ya mtu aliyebaki nyumbani, na anayeona mtu huyo anaongea sana anaweza kurukia chini kwenye tarehe.

Mila yetu mnaijua: nyumba ya baba humwangukia kitinda mimba. Kwa hiyo nyumba ni yangu, ng'ombe ni wangu, na tarehe tatu Januari, gari la mwisho likishakata kona kuteremka mjini, takataka zote nazo ni zangu.

Sisemi msije. Nyumba hii bila ninyi Desemba ni jiko lisilowashwa. Mwaka mzima barabara ya kijiji ni yetu na bodaboda. Ikikaribia tarehe 20 tunaanza kuona magari tusiyoyajua, duka la Mangi linaishiwa soda kabla ya saa sita, na watoto wasiojua kutofautisha mgomba wa ndizi za kupika na wa ndizi za mbege, pombe yetu, wanakimbizana kwenye kihamba kile kile tulichokimbizana sisi. Mama ananenepa kwa wiki mbili. Hilo sina bei yake.

Ila mwaka jana nilihesabu. Viroba kumi na kimoja. Chupa za maji, sahani za kutupa, vikombe vya kutupa, vijiko vya kutupa, makopo, ile mifuko mbadala mliyobebea nyama, na pampasi. Nilivipanga nyuma ya zizi nikavitazama kama mtu aliyeletewa wageni asiowajua. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: Baba hakuwahi kuchimba shimo la taka hapa. Hata moja. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe. Machicha ya mbege yalikwenda kwa ng'ombe na nguruwe. Mgomba ukishatoa mkungu wake, shina lilikatwakatwa likaliwa zizini, majani makavu yakatandazwa chini ya kahawa kushika unyevu, samadi ikarudi kwenye mashina. Majivu ya jikoni yalinyunyizwa kwenye mboga. Mifupa ilikuwa ya mbwa. Kilichoingia kihambani kilizunguka humo humo mpaka kikawa ndizi tena. Hakuna aliyetufundisha kuyaita hayo "kutunza mazingira". Yalikuwa kazi za asubuhi kabla ya shule, na ukizikwepa unachapwa.

Kinachonishangaza ni kwamba mnajua. Mkiwa mjini Moshi nimewaona kwa macho yangu, mtu mzima anatembea kuanzia stendi hadi Soko Kuu na ganda la ndizi mkononi akitafuta pipa, kwa sababu anajua faini ya Moshi haina undugu. Mtu huyo huyo akipanda huku juu, anashusha kioo. Kana kwamba usafi ni wa mji, na kijijini kuna nafasi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima, na tuliizoea marufuku hiyo haraka kuliko nilivyotegemea. Lakini tulibadilisha mfuko, hatukubadilisha mkono unaotupa.

Sasa nawasimulia kisa ambacho sikuwaambia kwenye simu.

Tarehe tano Januari mama jirani wa ng'ambo ya mfereji alikuwa na zamu ya maji. Wadogo wengine huenda mfongo mnauona kama mtaro tu, kwa hiyo nieleze. Mifereji hii ilichimbwa na wazee kwa mikono kabla Mjerumani hajafika. Inachukua maji ya mto huko juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, bila pampu na bila umeme, kwa kuujua mteremko tu. Kila boma lina zamu yake, na kuna siku ya wote kuzibua. Zamani asiyetokea siku hiyo alitozwa mbege, na kutozwa kwenyewe hakukuwa kwa siri.

Basi siku hiyo maji hayakufika kwa yule mama. Akangoja, akampigia simu mzee anayesimamia mfereji. Wakafuata maji kwenda juu hadi wakafika kwetu, kwenye lile kalvati magari yenu yanapopita. Ndani yake kulikuwa na mfuko mbadala umefungwa vizuri, umejaa pampasi, na chupa zimeupangia nyuma kama vigingi. Maji yalikosa njia, yakapasua ukingo usiku, yakateremka kwenye matuta yake ya mchicha na karoti. Yote yalikwenda.

Mzee hakunigombeza. Alinyoosha fimbo kwenye kalvati, akanitazama, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Nilizibua kwa mikono. Kisha nikaenda mpakani kwenye masale, nikakata jani moja, nikavaa shati safi, nikavuka. Mnajua uzito wa sale. Ukimpelekea mtu sale umekuja kuomba msamaha, na mwenye kupelekewa ni vigumu mno kukataa hata kama moyo unawaka. Mama yule alilipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Ni watoto wa nani hao, baba?" Nikamwambia, "Ni wetu." Akacheka kidogo, akasema, "Basi na wangu pia," akaniwekea chai.

Nilipokuwa nakunywa chai ile ndipo nilipoona. Nyumba ile haikuwa na hata alama moja kwamba Krismasi ilipita. Mumewe alishatangulia, wanawe hawajafika miaka kadhaa. Sisi mita arobaini kutoka kwake tulichinja mbuzi wawili, tukapiga spika hadi saa nane za usiku, na hakuna aliyevuka na bakuli. Mimi nikiwemo. Hapo nilitamani ningekuwa na jani la pili.

Wala mambo haya hayaishii kwake. Maji yanayotoka kwetu yanarudi mtoni. Mito ya Karanga na Weruweru inateremka tambarare hadi Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini. Kaka, wale perege unaowasifia kila ukipita njia ya Mwanga wamekulia kwenye maji tunayonawia miguu hapa. Kwa hiyo kuosha gari mferejini, sabuni na oili vikateremka na mkondo, ni kumchafulia sahani mtu usiyemjua, halafu unainunua sahani hiyo mwenyewe barabarani. Gari lioshwe mjini. Au libaki na vumbi, ni vumbi la kwenu.

Mwaka huu naomba vichache. Sahani za kutupa zibaki dukani. Mama ana sahani za bati kabatini tangu sherehe ya kipaimara changu, nimezihesabu, zipo hamsini na mbili. Wapwa wanne, mabeseni mawili, nusu saa. Mtoto ataosha huku anasikia hadithi za bibi yake, jambo ambalo kwenye simu hapati. Na mbege tangu lini ikahitaji kikombe cha plastiki? Kata inatosha, inazunguka, anayeogopa mate ya nduguye anywe soda ya chupa ya kurudisha. Mtori na machalari, mapishi yetu ya ndizi na nyama, tunajua kuvipakua. Kwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, nitatandika majani ya mgomba, na yakishatumika nayo ng'ombe atakula.

Mnaokuja kwa basi, nunueni maji chupa moja kubwa, mjaze tena njiani. Kuanzia Mombo hadi Same pembezoni mwa barabara kunang'aa kwa chupa, mtu angedhani zimepandwa. Pampasi zirudi na wenyewe mjini kunakopita gari la taka. Najua hili linachekesha, dada, lakini kama gari lina nafasi ya mikungu mitatu ya ndizi kurudi nayo Dodoma, lina nafasi ya mfuko mmoja. Vinginevyo tumieni nepi za vitambaa kama tulivyotumiwa sisi. Kamba ya kuanikia ipo.

Kuhusu zawadi ya Mama. Mtungi wa gesi mliomletea mwaka juzi ulimfurahisha sana. Ukaisha Februari, ukakaa kona ya jiko hadi Agosti umevikwa kitambaa cha kufuma, yeye akirudi kwenye moshi na kikohozi chake. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na kwenye takwimu hizo nadhani Mama angehesabiwa kuwa ameshafika. Msimnunulie kitu kipya. Tuchange kila mwezi kidogo kidogo gesi ya kujaza, mimi nitaibeba kwa bodaboda. Ni zawadi isiyo na picha, najua.

Na tukiwa kwenye picha: kila mwaka kuna anayetaka kupanda mti tarehe 26 mbele ya kamera. Ndugu yangu, mti unaopandwa mwisho wa Desemba unakutana na jua la Januari na Februari ukiwa mchanga, na mnaoupanda mmeshaondoka. Nimeshang'oa vijiti vyenu vitano vilivyokauka. Njooni tuchimbe mashimo, tuyajaze samadi, basi. Miche nitaipanda mwenyewe masika yakianza Machi. Nataka mringaringa kwa ajili ya kivuli cha kahawa, na msesewe, maana ule wa Baba tumeubandua magome ya mbege hadi umechoka. Kila shimo nitaliita kwa jina la aliyelichimba, na mti ukifa mwenye jina atajulikana.

Spika izimwe saa nne. Kuna mtoto mchanga nyumba ya juu, na ng'ombe wangu fataki za mwaka jana zilimfanya akatae kutoa maziwa siku mbili.

Kanisani baada ya ibada kutakuwa na mnada kama kawaida. Hapo sina la kuwafundisha, hapo huwa mnanishinda. Nakumbuka kaka alivyonunua mkungu mmoja kwa bei ya mbuzi, akaurudisha mezani ukauzwa tena, na tena, hadi mzee mmoja akauliza kama ndizi hizo zinaiva dhahabu. Ninachoomba ni kwamba safari hii mkungu huo ukishachoka kuuzwa, tuubebe tumpelekee mtu. Wapo wengi zaidi ya jirani yetu. Balozi wa nyumba kumi anawajua wote, na orodha yake si ndefu.

Nami nimejifunga. Mbuzi wa kwanza akichinjwa, kabla hatujagawana vipande kama mila inavyotaka, bakuli la kwanza la kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, na kipande cha mguu vitavuka mfereji. Nitatuma watoto wavipeleke, si watu wazima, wakae wanywe chai waulizwe wao ni wa nani. Wajue kujibu.

Tarehe zenyewe ni hizi. Tarehe 24 jioni tunatwanga na kumenya, wanaume pia. Tarehe 25 ibada na chakula. Tarehe 26 mashimo ya miti na wageni. Tarehe 27 saa moja asubuhi ni msaragambo, kazi ya wote ya kuzibua mfereji, kuanzia kwenye kalvati letu hadi kwa yule mama na kuendelea chini. Nimeshamwambia mzee kwamba safari hii boma letu litatokea lote, akasema "tutaona", kama ninyi na tiketi zenu.

Majembe ninayo manne na koleo mbili. Anayeweza aje na lake, na viatu vya kuchafuka. Mbege ya baada ya kazi Mama ameshaanza kuiulizia ulezi.

Madereva msikimbizane huko Segera, tunawasubiri mkiwa hai. Aika, yaani asanteni, na karibuni nyumbani.