Mdogo wangu, kuhusu macho ya yule bibi

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, ila mvua imekatika mapema na mpunga kwenye majaruba umeanza kunyauka.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu na wewe ulisema mbele za watu. Siku ya tatu ya msiba wa baba mdogo, wanaume mkiota moto, ulisema kuhusu yule bibi jirani: "Macho yake tu yanatosha." Hukuongeza neno. Usukumani, ambako kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, nani asiyejua maneno hayo yanaishia wapi?

Bibi yule unamjua kwa kumpita njiani. Mimi nimeingia jikoni kwake. Hakuna dirisha, na kwa kuwa miti imeisha, anapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Siku moja nilimsongea ugali. Kabla haujaiva nilikuwa nimetoka nje machozi yakinichuruzika, na nilipojitazama kwenye kioo cha simu, macho yangu yalikuwa mekundu kama yake. Yeye anaupikia moshi huo tangu alipoolewa.

Tena si moshi peke yake. Nilipompeleka kwa daktari wa macho, alimpindua ukope wa juu akanionyesha makovu meupe kwa ndani. Ni vikope, ugonjwa unaohama kwa mikono, kwa nguo ya kujifutia na kwa nzi, na unawapata zaidi wanawake maana ndio wanaoshinda na watoto. Ukirudia rudia kwa miaka, kope zinageukia ndani. Kila anapopepesa, zinamkwangua jicho. Ndiyo maana anainamisha uso ukimsalimia, mwanga wa jua unamuumiza. Wewe ukasema anakukwepa.

Ulimwuliza mtu kwa nini siku hizi haonekani misibani? Aliniambia mwenyewe, taratibu, huku akichambua mchele: "Nikienda, wanasema nimekuja kuangalia kazi yangu. Nisipoenda, wanasema naogopa." Sasa analia nyumbani kwake, peke yake. Baba mdogo alikuwa akimchotea maji, na bibi hakwenda kumzika.

Wewe ulikuwa hujazaliwa Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walianza na wezi wa ng'ombe, haukupita muda wakawageukia vikongwe. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi, baada ya mauaji ya ndugu zetu albino. Lakini ramli haihitaji mganga, mdogo wangu. Ile uliyoipiga pale motoni ilikuwa ramli kamili, na waliokusikia ni vijana wenye mapanga ya kufyekea majumbani kwao. Wewe ndiye msomi wa ukoo, neno lako wanalibeba.

Tangu siku hiyo, mjukuu wake anaweka gogo mlangoni kila jioni. Nimelishika gogo lile. Mtoto wa miaka tisa analivuta kwa mikono miwili, jua halijazama bado.

Usinitumie hela ya kumpelekea, wala usinipigie simu kuniomba mimi samahani. Panda basi uje Jumamosi. Wale vijana wanakutana pale pale, chini ya mwembe wa baba mdogo, nami nimeshawaambia una neno nao. Ukimaliza nao, twende wote kwa bibi. Ameweka michembe ya viazi, na dawa yake ya macho imekwisha, ipitie mjini.

Dada yako