Chuo Kikuu cha Zhejiang hakikuzaliwa mwaka 1998

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa elimu wa wiki iliyopita mlichapisha makala ya kuwashauri wazazi wanaofikiria kuwapeleka watoto wao kusoma China, na humo mwandishi alikitaja Chuo Kikuu cha Zhejiang, kilichoko katika mji wa Hangzhou, jimbo la Zhejiang, kuwa ni chuo kipya kilichoanzishwa mwaka 1998 na kupiga hatua kubwa kwa muda mfupi. Sifa zile zilinifurahisha, kwani mimi ni mmoja wa waliolelewa na chuo hicho, lakini mwaka uliotajwa umenikera, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nilihitimu Hangzhou mwaka 1996 nikiwa na shahada ya kilimo cha chai. Cheti changu hakina jina la Chuo Kikuu cha Zhejiang bali la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Zhejiang, na miaka minne baada ya kurudi nyumbani, nilipoomba kazi katika ofisi moja ambayo sitaitaja, ofisa aliyepokea maombi alinirudishia bahasha yangu akisema kwamba amekitafuta chuo hicho katika orodha yake na hakukiona, kisha akaniuliza, kwa upole unaouma kuliko ukali, iwapo kilikuwa chuo cha kweli. Nilihangaika miezi mingi hadi nilipoletewa barua ya uthibitisho yenye muhuri wa chuo chenye jina lingine, na muhuri huo nao ukazusha maswali mapya. Kwa hiyo ninaposoma gazetini kwamba chuo kilianza 1998, ninajiona kama mtu aliyeambiwa kwamba alizaliwa kabla ya mama yake.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 15 Septemba 1998 vyuo vikuu vinne vya Hangzhou, yaani Chuo Kikuu cha Zhejiang chenyewe, Chuo Kikuu cha Hangzhou, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Zhejiang na Chuo Kikuu cha Tiba cha Zhejiang, viliunganishwa kuwa kimoja, na jina la kile cha kwanza likawa la wote. Wazee wa chuo waliuita muungano huo kurudi nyumbani, na walikuwa na haki, kwa sababu vyuo hivyo vilikuwa na asili moja hadi mwaka 1952, serikali mpya ya China ilipopanga upya elimu ya juu kwa kufuata mfano wa Muungano wa Kisovieti, ambako kila chuo kilipewa fani yake na kuambiwa kibaki humo. Zhejiang ikaachiwa uhandisi. Kitivo cha kilimo kikawa chuo kinachojitegemea, kitivo cha tiba kikaunganishwa na chuo cha tiba cha jimbo, na walimu wa lugha, historia na sehemu ya sayansi wakapelekwa katika chuo cha ualimu ambacho mwaka 1958 kilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Hangzhou. Wengine waliondoka mjini kabisa: wanahisabati Su Buqing na Chen Jiangong, pamoja na Tan Jiazhen, mtaalamu wa elimu ya urithi wa viumbe, walihamishiwa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai.

Sisi Watanzania hatupaswi kuliona jambo hili kuwa la ajabu. Aliyesoma kilimo Morogoro kabla ya mwaka 1984 ana cheti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na daktari aliyehitimu Muhimbili kabla ya 2007 vilevile, wala sijasikia ofisa akimrudishia mmoja wao bahasha kwa kuwa leo kuna Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kwetu tawi lilikatwa na kupandwa peke yake, na Hangzhou matawi yalirudishwa kwenye shina, lakini elimu iliyotolewa katika miaka ya katikati inabaki ni elimu ileile.

Shina lenyewe ni la mwaka 1897. Mwaka huo Lin Qi, aliyekuwa mtawala wa Hangzhou chini ya dola ya Qing, alifungua shule iliyoitwa Qiushi, maana yake kutafuta ukweli, na akaagiza kwamba pamoja na maandiko ya kale ya Kichina wanafunzi wafundishwe hisabati, fizikia, kemia na Kiingereza. China ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Japani miaka miwili kabla, na viongozi wengi wa majimbo walikuwa wakijiuliza ni elimu gani iliyowapungukia. Shule ile ilibadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1914 ikasimama kabisa. Hadi 1927, Hangzhou ilipopata tena chuo kikuu, kilichobaki hai ni vyuo vya ufundi na kilimo vya jimbo ambavyo baadaye vilifanywa nguzo za chuo kipya, na jina la Zhejiang likaja mwaka uliofuata. Vitabu vya mahafali hulipita pengo hilo haraka haraka, jambo nisilolishangaa, maana kila ukoo una babu ambaye habari zake hazisimuliwi mbele ya wageni. Chuo changu cha kilimo kilikuwa kikihesabu miaka yake tangu 1910, na cha tiba tangu 1912, kwa hiyo anayetaka kuandika kwa usahihi ana miaka kadhaa ya kuchagua, ila 1998 ndio mwaka usiofaa kuliko yote.

Kama mwandishi wenu angeniuliza kipindi gani kinafaa kusimuliwa kwa mzazi wa Kitanzania, ningempeleka kwenye miaka ya vita. Mwaka 1936 chuo kilipata mkuu mpya, Zhu Kezhen, mtaalamu wa hali ya hewa aliyepata shahada ya uzamivu Harvard, ambaye katika hotuba yake kwa wanafunzi wapya aliwauliza mambo mawili tu: umekuja hapa kufanya nini, na ukihitimu utakuwa mtu wa namna gani? Mwaka uliofuata jeshi la Japani liliikaribia Hangzhou, na Zhu akaamua kwamba chuo chote kihame, walimu, wanafunzi, vitabu na vyombo vya maabara. Walianza na Jiande, mji ulio katika jimbo lilelile, wakaenda Ji'an na Taihe katika jimbo la Jiangxi, kisha Yishan huko Guangxi, na mwanzoni mwa 1940 wakafika Guizhou, wakiwa wamesafiri kilomita zipatazo 2,600 kwa mashua, malori, treni pale ilipokuwepo, na kwa miguu.

Pale Taihe, ambako walikaa miezi michache tu, walisaidia kujenga tuta la kuwakinga wanavijiji na mafuriko ya mto Gan, na palepale Zhu alimzika mkewe na mtoto wake wa kiume waliofariki kwa ugonjwa wa kuhara damu. Yishan ilikuwa na malaria, na mwezi Februari 1939 ndege za Japani ziliangusha mabomu zaidi ya mia moja juu ya chuo, yakaharibu mabweni na madarasa. Ni katika mji huohuo wa homa na mabomu ambapo maneno Qiu Shi, jina la ile shule ya 1897, yalifanywa kuwa kaulimbiu rasmi ya chuo. Nilipokuwa mwanafunzi niliyaona maneno hayo kila mahali na nikayadhani kuwa mapambo. Nilikuja kuambiwa yalikopitishwa nikiwa nimebakiza muhula mmoja tu.

Huko Guizhou chuo kiligawanyika, uhandisi na fasihi wakabaki Zunyi, na kilimo na sayansi wakapelekwa Meitan, wilaya ya vilima ambako mahekalu yaligeuzwa maabara. Fizikia ilifundishwa hekaluni, na Wang Ganchang aliandika katika miaka hiyo pendekezo lake la namna ya kuithibitisha chembe iitwayo nyutrino, likachapishwa Marekani mwaka 1942. Su Buqing, yule mwanahisabati, alikaa na familia yake katika hekalu bovu na kulima viazi vitamu ili wapate chakula. Kijana mmoja aliyesoma mwaka wa kwanza Yongxing, mji mdogo jirani na Meitan, aliitwa Tsung-Dao Lee, na mwaka 1957 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mimi hata hivyo ni mtu wa chai, na kwangu Meitan ni habari ya chai. Wilaya hiyo ilikuwa imepata shamba la majaribio ya chai la serikali wakati huohuo chuo kilipokuwa kikiwasili, na walimu wa kilimo wakashirikiana na watafiti wa shamba, wakapima udongo, wakachagua miche, wakawafundisha wenyeji kukausha majani kwenye sufuria kwa mtindo wa Longjing, chai ya kijani iliyoipa Hangzhou sifa. Chuo kilirudi Hangzhou mwaka 1946, lakini majani hayakurudi. Hadi leo Meitan ni wilaya inayoishi kwa chai. Sisi wa Mufindi tunajua kwamba mche wa chai ukishatulia unamzidi umri aliyeupanda, ndiyo maana mwalimu wetu mmoja alipotusimulia habari hii darasani, mimi ndiye niliyeandika kurasa nyingi kuliko Wachina wenzangu wote.

Darasa hilo lilikuwa Huajiachi, na hapa ndipo naingia kwenye kosa la pili la makala, lile la kuandika kana kwamba chuo kina uwanja mmoja. Kina kampasi saba, tano ndani ya Hangzhou na mbili nje, na mzazi asiyelijua hilo anaweza kumtuma mwanawe akiwa na ramani isiyo yake. Huajiachi, upande wa mashariki ya mji, imelizunguka bwawa ambalo ndilo lililoipa jina, na ilikuwa makao ya kilimo tangu 1934 ukiondoa miaka ya vita. Siku hizi kilimo kimehamishwa na kampasi hutumika zaidi kwa elimu ya kujiendeleza. Yuquan, chini ya vilima vilivyo karibu na Ziwa la Magharibi, ni ya wahandisi, ilianza kujengwa miaka ya mwanzo ya 1950, na sanamu kubwa ya Mwenyekiti Mao inawapokea wanaoingia. Xixi ndiyo iliyokuwa Chuo Kikuu cha Hangzhou. Zhijiang, iliyo kilimani juu ya mto Qiantang, ina majengo mekundu ya matofali yaliyoachwa na chuo cha wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Marekani, chuo kilichovunjwa katika mpango uleule wa 1952, na leo ni makao ya shule ya sheria. Ni kampasi nzuri kuliko zote, na wanasheria hawaistahili.

Kampasi kuu ni Zijingang, kaskazini magharibi ya mji, iliyofunguliwa mwaka 2002 baada ya muungano, na wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza huanzia hapo. Nilipoitembelea kwa mara ya kwanza nilipotea, mimi niliyedhani naijua Hangzhou yote kwa baiskeli. Nje ya mji kuna Zhoushan, visiwani, ambako tangu 2015 hufundishwa sayansi za bahari, na kuna Haining, ambako Chuo Kikuu cha Edinburgh na Chuo Kikuu cha Illinois cha Urbana-Champaign vinaendesha masomo kwa ushirikiano na Zhejiang na kufundisha kwa Kiingereza. Wasomaji wenu wa pwani watapenda kujua kwamba Haining ndiko watu wanakokwenda kulitazama wimbi la maji kujaa linaloupanda mto Qiantang kama ukuta.

Kuna kampasi moja zaidi ambayo haimo tena katika hesabu. Hubin, iliyokuwa ya watu wa tiba, ilisimama katikati ya mji hatua chache kutoka ziwani, na baada ya muungano kiwanja chake kiliuzwa kwa wajenzi wa maduka makubwa na hoteli. Mwezi Januari 2007 jengo lake refu, ambalo halikuwa limefikisha hata miaka 20, lilibomolewa kwa baruti. Fedha zilihitajika, sibishi, na kampasi mpya hazijengwi kwa mawe ya sadaka, lakini rafiki yangu aliyesomea udaktari pale hana mahali pa kumpeleka mwanawe akamwonyeshe dirisha la bweni lake. Mimi ninaye bwawa la kuonyesha.

Ninaomba, Ndugu Mhariri, mambo mawili. La kwanza, masahihisho yachapishwe katika ukurasa uleule wa elimu, mkitaja 1897 kuwa mwaka wa kuanzishwa na 1998 kuwa mwaka wa muungano, pamoja na majina yote manne ya vyuo vilivyoungana, kwa sababu wapo wahitimu wa vyuo hivyo katika nchi hii ambao vyeti vyao vitapita tena mikononi mwa maofisa wanaosoma gazeti lenu. La pili, mwandishi wenu atakaporudi kuwashauri wazazi, awaambie waulize kwa maandishi, kabla ya kulipa nauli, kitivo anachokwenda mtoto kiko kampasi ipi na mafundisho yatakuwa kwa lugha gani, maana kutoka Zijingang hadi Zhoushan ni safari ya kuvuka bahari kwa madaraja, na barua ya udahili yenye jina la Zhejiang peke yake haisemi mtoto atalala wapi.

Wenu katika usomaji,
Mhitimu wa Huajiachi,
Mufindi, Iringa.