Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Tuhesabie Miti Iliyo Hai

Kwako Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya,

YAH: MICHE YA TAREHE 5 JUNI KATIKA SHULE ZETU ZA MSINGI

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa mtama na alizeti, na mjumbe wa kamati ya shule katika kijiji kimojawapo hapa mkoani Dodoma. Jina la shule silitaji. Ninayoyaandika yanazihusu shule nyingi za ukanda huu wetu mkavu, na sipendi mwalimu mkuu wetu aje kuandikiwa barua ya kujieleza kwa maneno yangu mimi.

Mwaka juzi, tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, tulipata ugeni. Wiki nzima kabla ya siku hiyo watoto walikuwa wakichimba mashimo. Kila mmoja alitoka na jembe nyumbani kwao, na ardhi yetu ya mwezi wa sita unaijua: jembe linagonga, linaruka. Binti yangu, aliyekuwa darasa la nne, alirudi na malengelenge viganjani lakini uso umejaa furaha, maana waliambiwa kila mtoto atakuwa na mti wake. Siku yenyewe turubai likafungwa, ngonjera zikaimbwa, miche 300 ikashushwa kwenye lori. Wageni walipanda ile ya mbele, karibu na mlingoti wa bendera, wakapigwa picha, na kabla ya saa nane walikuwa wameondoka. Watoto wakamalizia. Jioni nilipita uwanjani nikakuta viriba vyeusi, vile vifuko vya plastiki vya miche, vimetapakaa mpaka barabarani, upepo unavisukuma. Nchi hii imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na sisi siku ya mazingira tuliokota plastiki nusu gunia, mimi na akina mama wengine wawili.

Mwezi wa kumi nilimwomba binti yangu anihesabie. Akachukua daftari, akazunguka na wenzake wawili, shimo kwa shimo. Iliyokuwa hai ilikuwa 11. Mti wake haukuwamo. Aliponiletea daftari aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nimeua mti." Nilimkatalia palepale, lakini niliona hakuniamini. Ndugu Mkurugenzi, mtoto yule aliubebea mti wake maji miezi mitatu. Uliouua ni mwezi wa sita.

Hapa kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakatika Aprili, na kwa wastani jumla yake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Tangu Mei mpaka Oktoba hatutarajii kitu. Juni ndiyo kwanza kipupwe kinaanza, upepo mkavu unavuma mchana kutwa, na mche uliotoka kitaluni, wenye mizizi ya urefu wa kiganja, unatiwa kwenye udongo usio na unyevu hata ukichimba dhiraa nzima. Mkulima akionekana anapanda mtama mwezi huo, ndugu zake watakaa kikao kuulizana amepatwa na nini. Miti tunaipanda mwezi huo kila mwaka, tena kwa shangwe.

Tarehe 5 Juni ilitangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972, kwa kumbukumbu ya mkutano wa mazingira uliofunguliwa siku hiyo mjini Stockholm. Ni siku njema na ninaipenda. Lakini haikuchaguliwa kwa kutazama mvua za Dodoma. Naelewa pia kwamba Halmashauri inatakiwa kupanda miti 1,500,000 kila mwaka, na kwamba taarifa inayotakiwa juu ni ya miti iliyopandwa. Basi shule inaletewa miche, idadi inaandikwa, na kitabu kinafungwa. Hakuna aliyewahi kurudi kutuuliza ni mingapi imeishi.

Ombi langu la kwanza ni hili, na hata ukilikubali hili peke yake nitashukuru: tarehe 5 Juni iwe siku ya kuhesabu. Kupanda tupande Januari, shule zikifunguliwa, ardhi ikiwa imeshiba maji. Ikifika Juni, mche una miezi mitano na mizizi imekwenda chini. Hapo wageni waje, turubai lifungwe, ngonjera ziimbwe, na badala ya kushusha lori, kila mtoto asimame kando ya mti wake, afisa misitu apite na daftari. Idadi ya siku hiyo ndiyo ipelekwe mkoani. Itakuwa ndogo kuliko mliyozoea kuandika, nakiri. Ila itakuwa idadi ya miti.

Haya siyatoi hewani. Januari ya mwaka jana kamati yetu ilipanda miche 40 tu, tuliyoiotesha wenyewe nyuma ya ofisi ya walimu. Mbegu za mgunga watoto waliziokota chini ya miti na mazizini, maana mbuzi hula maganda na kuziacha mbegu. Mpishi wetu akachemsha maji, tukazimwagia, tukaziacha zilale humo usiku kucha, kwa kuwa ganda la mbegu ile ni gumu na bila maji ya moto linaweza kukaa muda mrefu bila kupasuka. Tukaongeza mikwaju, na milonge michache kwa ajili ya mboga. Siku ya nane darasa la tatu walifika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kengele, wakachuchumaa kwenye kitalu kutazama vichwa vya kijani vinavyoinua udongo. Mwalimu wa zamu aliniambia hakuwahi kuwaona wamewahi hivyo. Oktoba tulihesabu: 33 ilikuwa hai. Wiki iliyopita nimehesabu tena, 31. Miwili imeliwa na mbuzi, na mmoja wa mbuzi hao ni wa kwangu. Uzio wa miiba tumeshauongeza.

Kuhusu maji. Shule yetu haina bomba. Kila mtoto huja asubuhi na kidumu cha lita tano, na maji hayo ndiyo ya kunawa, ya choo, ya uji na ya miti. Mche una haki gani mbele ya uji? Watoto walipata akili moja ambayo nimeiona ikifanya kazi: wanaokota chupa za maji za lita moja na nusu huko barabarani, wanatoboa kifuniko kwa sindano, wanaichomeka chupa kichwa chini kando ya shina na kuikata kitako ili waweze kuijaza. Maji yanadondoka polepole kwenye mizizi mchana kutwa, jua halipati kitu. Mti wa binti yangu wa sasa una chupa ya namna hiyo, ameandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito, na jina limeshafifia.

Lakini juu ya vichwa vya watoto hao kuna bati. Jengo letu la madarasa mawili na ofisi lina paa la mita 20 kwa 8. Kwa mvua ya milimita 550, paa hilo moja linapokea lita 88,000 kwa msimu. Toa zinazopotea, bado zinabaki kama 70,000, na zote zinatiririka mpaka korongoni zikitafuna msingi wa jengo. Mche mmoja ukipewa lita mbili mara mbili kwa wiki, miche 100 inakunywa lita 400 kwa wiki. Tenki moja la lita 10,000, likijazwa mvua za mwisho za Aprili, linainywesha miche hiyo 100 wiki 25, yaani kuanzia Mei mosi hadi wiki ya tatu ya Oktoba. Kwa hiyo tunaomba mtupunguzie miche. Tupeni 100 badala ya 300, na gharama ya ile 200, ya lori, turubai na soda muiweke kwenye mifereji ya bati na tenki. Tofali na nguvu kazi ya kujenga kitako cha tenki ni juu yetu wazazi, kikao cha kijiji kimesharidhia.

Kuna jambo dogo ambalo linaniuma kuliko ukubwa wake. Katika shule nyingi mtoto akichelewa, adhabu yake ni kumwagilia miti. Akipiga kelele darasani, miti. Mwishowe mtoto anaujua mti kama sehemu ya kulipia kosa. Shuleni kwetu tulizungumza na walimu, wakakubali kuliacha, na sasa kumwagilia ni zamu ya kila darasa kwa siku yake. Naomba maafisa elimu kata wapewe neno moja tu kuhusu hili. Halihitaji bajeti.

Sasa twende jikoni. Watoto wetu wanakula uji saa nne na makande mchana, kwa mahindi na maharage tunayochanga wazazi. Hilo tunalionea fahari, na mahudhurio yamepanda. Lakini makande huiva kwa kuni, na kuni huletwa na watoto, kijiti kimoja kimoja, kila Jumatatu na Alhamisi. Wanazitoa wapi? Nyuma ya shule kuna ekari mbili za vichaka. Ukitazama haraka utasema ni pori bovu. Ukiinama utaona ni visiki vya miti mikubwa iliyokatwa zamani, mizizi yake ingali hai, na kila mvua zikija inatoa machipukizi mapya. Kwa mkono huu tunawapandisha watoto miche, na kwa mkono ule tunawatuma wakakate miti iliyokwisha kuota yenyewe.

Wakulima wengi wa mkoa huu sasa wanaijua Kisiki Hai. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kwenye kisiki, mengine unapogoa, unafunga kitambaa chekundu ili mchungaji ajue una mwenyewe, halafu unalinda. Mti una mizizi tayari, hauombi kidumu cha mtu. Wakulima wa Niger wameufufua uoto wa mamilioni ya hekta kwa njia hii tangu miaka ya 1980, katika ardhi kavu kuliko yetu. Na hatuna haja ya kwenda Niger. Wazee wetu wanaikumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na makorongo. Watu waliumia kwa amri ile, na mzee mmoja hapa kijijini bado akiitaja hukunja uso. Lakini huyohuyo ndiye aliyeniambia jinsi majani na vichaka vilivyorudi wenyewe mahali palipokuwa mchanga mtupu. Aliwachukua watoto wa darasa la sita mpaka kwenye zile ekari mbili, akawaonyesha kisiki cha mgunga ambao mama yake alikuwa akikalia kivuli chake. Binti yangu akatoa kitambaa, mzee akakifunga.

Ekari hizo tunaweza kuzirudisha bila shilingi yako, ila si kwa kuni za kijiti kijiti. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Sisi tunalisha zaidi ya hao na agizo tumelisikia. Jiko la mafiga matatu ndilo tulilo nalo. Mpishi wetu macho yake mekundu mwaka mzima, na akina mama wanaompokezana wanakohoa mpaka vikaoni. Kama gesi bado iko mbali na uwezo wetu, tupatieni walau jiko banifu la taasisi lenye bomba la moshi na masufuria yake, wakati mkitupangia hilo kubwa. Watoto wasitumwe tena kuni. Sisi wakubwa tutachangia, na tutaokota zilizokauka.

Tarehe 5 Juni iko mbele yetu tena, wiki chache tu. Nasikia miche imeshaagizwa. Kama bado iko kitaluni, ninakusihi iache huko, imwagiliwe mpaka Januari, na wewe uje siku hiyo kuhesabu pamoja nasi. Ngonjera zipo, watoto wa darasa la tatu wameshaanza mazoezi chini ya mbuyu.

Binti yangu sasa yuko darasa la sita. Mti wake ni mkwaju, wa tatu kutoka kona ya choo cha wasichana, umefika kifuani kwake. Nimemwambia naandika barua hii. Amesema ukija atakuonyesha mwenyewe, na pia atakuonyesha shimo la ule wa kwanza. Hajakubali lifukiwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa watoto watatu,
Mjumbe wa kamati ya shule