Vikundi vya wanafunzi vije kwa kalenda ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililolishuhudia katika miaka 27 ya kazi yangu ya ufundi wa maji vijijini, nalo ni majira ambayo vikundi vya wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa kutoka Ulaya na Marekani, hufika vijijini mwetu kujitolea. Wapo waandishi waliowalaumu vijana hawa kwamba hupenda zaidi kupiga picha na watoto kuliko kufanya kazi. Sina ugomvi na nia zao, kwa kuwa nimechimba nao visima, nimewaona wakibeba mawe hadi viganja vikachubuka, na wengi wao walikuwa wanyenyekevu kwa wazee. Shida yao kubwa, kwa nionavyo mimi, ni mwezi wanaokuja.

Vyuo vingi vya kwao hufungwa kwa likizo ndefu kati ya Juni na Agosti, na kwa hiyo kazi zote za kujitolea hupangwa zianze na kumalizika ndani ya likizo hiyo, mara nyingi kwa wiki tatu au nne tu. Katika mikoa ya kati ya Tanzania, mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma mwezi Aprili. Mwezi Juni ardhi bado imeshiba maji. Anayechimba kisima kifupi wakati huo ataona maji mapema, atajenga, atafunika, na ataondoka akiamini kwamba kazi imekamilika, ilhali kina cha maji hayo kitaendelea kushuka wiki baada ya wiki hadi Oktoba na Novemba, miezi ambayo kina mama ndio huhitaji kisima kuliko wakati mwingine wowote. Fundi yeyote wa maji anajua kwamba kisima kifupi hupimwa mwishoni mwa kiangazi.

Nitoe mfano ambao mimi mwenyewe nina sehemu ya lawama ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukisaidia kikundi cha wanafunzi kujenga kisima cha pete za zege katika kijiji ambacho sitakitaja. Tulichimba mita 8 karibu na mbuga, yaani bonde linalotuama maji wakati wa mvua, tukapata maji yenye kina cha zaidi ya mita 2, tukajenga, na siku ya makabidhiano kulikuwa na ngoma na hotuba. Katika juma la kwanza la kazi, mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo akasema kwa Kinyaturu kwamba pale baba yake aliwahi kuchimba na kwamba maji ya pale ni kama wageni, huja na kuondoka. Mkalimani, kijana wa mjini mwenye adabu zake, aliona kuwatafsiria wageni maneno hayo ni kuwavunja moyo, akasema tu kwamba mzee anawashukuru. Mimi nilisikia na kuelewa, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba fedha zimeshatoka, tiketi za kurudi zimeshakatwa, na kwamba pengine mvua zitakuwa nzuri. Katikati ya Oktoba kisima kile kilikuwa na tope la kimo cha kifundo cha mguu, na wanawake walikuwa wamerudi kuamka saa tisa usiku kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu ili wapate ndoo moja.

Nimelifikiria sana tukio lile. Kama kikundi kingekuja kwanza Oktoba, hata bila saruji, tukachimba shimo la kujaribu tu, mzee yule asingehitaji mkalimani, kwa sababu shimo lenyewe lingesema. Tungevuta maji yote hadi chini, tukahesabu saa ambazo kisima huchukua kujaa tena, na tukajua kama kinatosha kaya 20 au 100, au hakitoshi hata mbuzi.

Yako pia mambo ya maji ambayo macho hayawezi kuyaona kwa majira yoyote, na ambayo nayo yanahitaji muda kuliko wiki nne. Sehemu za Arusha, Manyara, Singida na Shinyanga zina madini ya floraidi mengi katika maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini vipo visima katika ukanda huu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Maji yake ni meupe, ni baridi, na hayana harufu. Mtoto atayanywa kwa furaha, na baada ya miaka meno yake ya utu uzima yataota yakiwa na madoa ya kahawia, na akiyanywa kwa muda mrefu zaidi mifupa yake inaweza kuathirika. Sampuli lazima ipelekwe maabara ya ubora wa maji, majibu yasubiriwe, na yakija mabaya kijiji kiambiwe ukweli na mahali pengine patafutwe. Kikundi chenye tiketi ya kurudi tarehe 28 Julai hakina pa kuyaweka majibu mabaya.

Kalenda hiyo ya wageni inagongana na ya kijiji kwa upande wa kazi pia. Mei hadi Julai ndiyo miezi ya kuvuna mtama na uwele na kupura alizeti. Mradi unapofika, kijiji huombwa kuchangia nguvu, na nguvu hiyo maana yake ni wanaume kusomba mawe na wanawake kuchota maji ya kukorogea zege huku mazao yao yakiliwa na ndege shambani. Hawatakataa. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na mwenyekiti wa kijiji atapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba hakuna anayetuaibisha. Gharama ya siku hizo haiandikwi katika ripoti ya mtu yeyote.

Shule nazo, kwa kifupi: likizo ya katikati ya mwaka huanza mapema Juni na kuendelea hadi mapema Julai, kwa hiyo wanaokuja kufundisha wakati huo huwakuta watoto wakiitwa kutoka mashambani kuja kukaa darasani kwa ajili ya wageni.

Athari za haraka hii haziishii kwenye visima vya pete. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini ulikadiria kwamba, katika nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, pampu za mkono 36 kati ya kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Sababu ni nyingi, na haitakuwa haki kuwabebesha wanafunzi zote, maana serikali na mashirika makubwa yana sehemu kubwa zaidi. Lakini zingatieni pampu ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanywa Malawi na Kenya, kwa kusudi kwamba wanakijiji waweze kuifungua na kubadilisha mipira yake ya ndani wenyewe bila kung'oa bomba zima. Pampu ya namna hiyo ikifa kwa kukosa mpira mdogo, basi aliyeifunga aliondoka kabla mpira wa kwanza haujachakaa, na hakuna aliyeonyeshwa jinsi ya kuubadilisha.

Nimeona pia kazi iliyofanywa vizuri, na ndiyo inayonipa ujasiri wa kuandika. Kikundi kimoja cha wanafunzi wa uhandisi kilikuja mara ya kwanza bila kujenga kitu. Walikaa siku 12, wakatembea na wanawake hadi kwenye vyanzo vyote vya maji, wakaweka alama katika visima vitano vya zamani, wakawaachia wanafunzi wawili wa chuo chetu cha hapa nchini daftari na utepe wa mita wenye uzito mwishoni. Vijana hao wawili walirudi kila mwezi, pamoja na msichana wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne, wakapima kina cha maji na kuandika hadi mvua zilipoanza. Mwaka uliofuata wageni walipofika na fedha, kijiji kilikuwa tayari kinajua kwamba visima vitatu kati ya vitano havifai kuguswa. Kile walichokiboresha kinatoa maji hadi leo, na msichana yule sasa ni mhasibu wa chombo cha watumiaji maji, yaani jumuiya inayosimamia maji ya kijiji.

Kwa hiyo nina maombi kwa pande mbili. Kwa viongozi wa vijiji: sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Barua ya kikundi cha kujitolea isomwe katika mkutano, isijibiwe mezani na mwenyekiti na mtendaji peke yao, na mkutano uwe na haki ya kusema, “Njooni, ila njooni mwezi wa kumi.” Wawekeni wazee na kina mama mbele katika mkutano huo, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji yanahamia wapi. Ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ya wilaya nayo ihusishwe tangu mwanzo, wala isingoje kualikwa siku ya makabidhiano.

Kwa vyuo vikuu vya hapa nchini: likizo yenu ndefu huangukia Agosti hadi Oktoba, miezi ambayo wageni wengi wanaondoka au wameshaondoka na visima vinasema ukweli. Wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani hawana nafasi hiyo, wala hawana lugha kama mliyo nayo. Vijiji vinavyotarajia wageni Juni ijayo vinajulikana tangu sasa, maana barua zao huwa zimeshafika halmashauri. Nawaomba wakuu wa idara za uhandisi na jiografia wapeleke wanafunzi wawili wawili katika vijiji hivyo kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mimi ni mstaafu, lakini bado natembea vizuri, na niko tayari kuwaonyesha jinsi ya kushusha utepe.

Wako,
Fundi wa maji mstaafu,
Singida