Kodi ya mwaka mzima mbele ndiyo inayotuzuia kuhama

Mhariri,

Siku hizi sikosi kusikia mtu akiwahimiza wakazi wa Dar es Salaam wajitoe, waende mikoani ambako "maisha ni nafuu". Wengi wanaosema hivyo, nadhani, wanalala kwenye nyumba zao wenyewe. Mimi ni fundi cherehani, mpangaji tangu niolewe, na hicho wanachokihimiza nilishakifanya: mwaka 2019 nilitoka Tandika nikaja Dodoma. Wizara zilikuwa zimeshahamia, Rais Magufuli naye akahamia Oktoba mwaka huohuo, na kila mtu alikuwa anasema hela sasa iko huku. Kwa hilo hawakudanganya. Ila mtu akikwambia hamia mahali fulani kwa sababu chumba ni rahisi, muulize chumba hicho kinalipwaje.

Tandika nilikuwa nalipa 150,000 kwa mwezi, chumba na sebule, choo cha kuchangia na wapangaji wenzangu. Hapa Nkuhungu nikapata chumba na sebule chenye choo ndani kwa 120,000. Nafuu ya elfu thelathini, na foleni ya bafuni asubuhi hakuna. Lakini mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mpigo, 720,000. Dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja, yaani alikula nafuu yangu ya miezi minne kabla sijatandika hata mkeka, ukiacha hela alizokuwa ananidai kila akinionyesha nyumba, hata ile iliyokuwa haina bati. Fremu ya kushonea ilikuwa 80,000 kwa mwezi na mwenyewe hakutaka kusikia habari ya miezi sita. Mwaka au basi. Hiyo ni 960,000. Mama aliyekuwa anatoka kwenye ile fremu akadai kilemba, yaani hela ya kuniachia fremu, eti aliiwekea grili na kupaka rangi.

Jumlisha mwenyewe: 1,800,000 bila kilemba na bila usafiri wa vyerehani, na hapo sijanunua hata bobini ya uzi. Nikatoa akiba yote ya vikoba, nikauza ovaloki. Wakati huohuo Tandika nilikuwa nimebakiza miezi minne ambayo nilishailipia. Nilipomwomba mwenye nyumba anirudishie akacheka kwa upole (mzee wa watu hana ubaya) akaniambia, "Mwanangu, ile hela ilishakuwa choo." Na kweli, vyoo vya uani vilikuwa vipya. Laki sita yangu nikaiacha pale.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji watazame. Fundi anafuata wateja. Kinyozi, mama lishe, fundi simu, sote tunaishi kwa kufuata mahali hela inapozunguka, na hela haitulii. Dodoma nimeijua misimu yake. Mwezi wa pili vikundi vya akina mama wa maofisini wanaleta vitenge vya sare kwa ajili ya Siku ya Wanawake, Machi 8. Ofisi nzima kitambaa kimoja, kila mmoja na mshono wake, na wote wanataka tarehe 7. Aprili Bunge la Bajeti linaanza na kuendelea mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, nyumba za wageni zinapandisha bei, na sisi tunashona kaunda suti usiku. Kaunda suti ina mifuko minne ya nje, na mifuko ndiyo inayokula muda: ukikosea ncha ya mfuniko milimita mbili, mheshimiwa akisimama mbele ya kioo anaona mfuko mmoja unachungulia chini. Ufundi wake napokea 60,000. Tandika kwa kazi hiyohiyo hakuna ambaye angenipa zaidi ya 40,000. Lakini ikifika Julai kunapoa, na Agosti nashona sketi za shule na kupunguza mashati ya mitumba.

Kisha ikaja treni. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida 31,000, mtu anaondoka hapa jioni na kulala kwake Dar. Watumishi wengi familia zao bado ziko huko. Zamani mtumishi alikaa Dodoma mwezi mzima, Jumamosi akaenda mnadani Msalato kula nyama, akapita kwangu kupima nguo. Sasa Ijumaa anaondoka, na Jumatatu anarudi na gauni alilolishonesha Mbagala, uzi na bitana vya Kariakoo. Siilaumu treni, nami naipanda nikienda kuchukua vitambaa Mtaa wa Uhuru. Nasema tu kwamba biashara iliyonileta hapa imebadilika ndani ya miaka michache, na kodi yangu bado iko vilevile, imelipwa mbele, imenifunga mguu.

Na wizara nazo zilisogea. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji kwa upande wa barabara ya Dar es Salaam. Nkuhungu iko upande mwingine kabisa. Mteja wa ofisini ananipigia simu, mimi naenda na futi kamba yangu, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Mwenye akili angehamia Ihumwa au Nzuguni awe karibu nao. Nilitamani. Lakini nilikuwa na miezi saba ya fremu mkononi, na huko nako wanataka mwaka. Ilipoisha ile saba, bei za huko zilikuwa zimeshapanda.

Usisahau vilevile kwamba bei ya chumba si bei ya kuishi. Dodoma ni kukavu, mvua zake ni za miezi michache tu kuanzia Desemba, na kwetu bomba linatoa maji kwa zamu. Siku ambazo si zamu yetu nanunua kwa madumu kutoka kwa wenye maguta. Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, na anayenunua umeme ni mpangaji wala si mwenye jengo. Hela ndogo, ndiyo, lakini sijawahi kuona mwenye nyumba anayeikumbuka wakati wa kuandika mkataba.

Sasa kuna wimbo mwingine: kaa Morogoro, ufanye kazi Dar. Nilienda kuangalia Kihonda, maana mkataba wangu hapa unaisha mwisho wa Machi na ningependa kuwa karibu na Kariakoo. Mji mzuri, maji yapo, mboga rahisi, na mlima uko palepale ukiamka. Lakini pigeni hesabu. Nauli ya treni ya kawaida Morogoro hadi Dar ni 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Siku 22 za kazi, 572,000. Kima cha chini cha mshahara wa serikali, hata baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000. Anayeweza kuishi hivyo ni bosi, na bosi hana shida ya chumba. Kwa fundi kama mimi Morogoro itanifaa nikipata wateja wa palepale, wanafunzi wa Sokoine na Mzumbe na harusi zao, na hilo siwezi kulijua mpaka nikae miezi miwili mitatu nikajaribu. Nani atanipangishia miezi mitatu? Nilipouliza, dalali alinitazama kama mtu aliyeomba chumba cha bure.

Sitaki kuwaonea wenye nyumba. Mwenye nyumba wangu ni mwalimu mstaafu. Alianza na vyumba viwili, na kila akipokea kodi zetu za mkupuo anaongeza kingine. Mwaka juzi msingi, mwaka jana matofali, mwaka huu bati. Benki isingemkopesha kwa masharti anayoyaweza, basi anakopa kwetu, na sisi hatumtozi riba. Naelewa. Anaogopa pia mpangaji atakayekaa miezi minne bila kulipa halafu asitoke, na wapo. Lakini kwa mtindo huu nyumba za mijini zinajengwa kwa mtaji wa wapangaji ambao hawana hata hati ya tofali moja, na gharama yake ni kwamba hatuwezi kusogea kazi inaposogea.

Mdogo wangu ameolewa Mombasa. Huko analipa mwezi kwa mwezi, na alipoingia aliweka amana ya mwezi mmoja. Kodi yenyewe si ndogo, mara nyingine inamtoa jasho, na mwenye nyumba akichelewa kulipwa anafunga kufuli bila aibu. Hata hivyo mumewe alipopata kazi Malindi, walitoa taarifa, mwisho wa mwezi wakabeba vitanda wakaenda. Nilimwonea wivu kwa hilo tu.

Sisemi serikali itupangie bei ya chumba. Ikipanga, vyumba vitaadimika na wa kwanza kunufaika atakuwa dalali. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005 na sina hamu irudi kama ilivyokuwa. Ninachokitaka ni kidogo zaidi: kodi isidaiwe zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo, mwenye nyumba aruhusiwe kushika amana ya mwezi mmoja kwa ajili ya hofu yake, na mpangaji akitoa taarifa ya kuhama arudishiwe miezi ambayo hakuilala. Na malipo ya dalali yaandikwe kwenye mkataba, alipe yule aliyemwita. Kwangu mimi dalali aliitwa na mwenye nyumba. Sijui kwa nini nilimlipa mimi.

Mwenye nyumba wangu ameshaniambia kwamba kuanzia Aprili chumba kitakuwa 180,000, na sasa anataka mwaka, yaani 2,160,000. Ile 180,000 naiweza. Msimu wa Bunge ni kaunda suti tatu. Milioni mbili na ushei kwa siku moja siiwezi, na hata ningeiweza nisingeitoa, kwa sababu sijui Julai nitakuwa nashona nini wala wapi. Nimempa pendekezo la miezi mitatu kwa 190,000, elfu kumi ya juu kwa ajili ya kuniamini. Amesema atashauriana na wanawe.

Mhariri, gazeti lenu lina waandishi wanaokaa Bungeni kila mkutano. Aprili hii naomba mmoja wao amsogelee Waziri mwenye dhamana ya nyumba amuulize: wapangaji watawekewa lini kikomo cha kodi ya mbele, na hela ya mtu aliyehama kabla ya miezi yake kuisha ni ya nani? Jibu lake lichapisheni neno kwa neno.

Fundi cherehani,
Nkuhungu, Dodoma